Mkaza Mwana Asiyekuwepo

Lekhram Budhai aliisoma barua ile mara tatu, na ya tatu akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Mtu akishapeleleza wezi wa ng'ombe na wauaji huko Berbice, Guyana, miaka kumi na tisa, kisha akahamia New York akidhani ameyaona yote, hucheka hivyo anapogundua kumbe bado.

"Unacheka nini, Mjomba Lekh? Mimi nafukuzwa nchini, wewe unacheka?"

Omeshwari Tularam alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, koti limefungwa vifungo vyote utadhani yuko kituo cha basi. Ofisi ya Wakili Mercado ilikuwa juu ya duka la mikate, Liberty Avenue, na kila treni ilipopita kwenye reli ya juu vikombe vilitetemeka mezani. Wakili mwenyewe alikuwa mahakamani. Alikuwa amemwachia Budhai faili na kikaratasi cha maneno machache: jibu linatakiwa Ijumaa, leo Jumatatu, kazi kwako.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuishinda. Omeshwari, binti wa kijiji cha Namba 64 huko Corentyne, pwani ya Berbice, aliolewa na Rovin Sookdeo, Mguyana mwenzake mwenye uraia wa Marekani, akapewa kadi ya ukaazi ya miaka miwili. Kabla miaka miwili haijaisha ikaja talaka. Sheria inamruhusu mtalaka kupata ukaazi wa kudumu, lakini athibitishe yeye peke yake, bila mume pembeni, kwamba ndoa ilikuwa ndoa na si biashara ya makaratasi. Sasa maafisa wa uhamiaji walikuwa wameandika kwamba wanakusudia kumkatalia, na walikuwa na sababu mbili.

"Ya kwanza," Budhai alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Mliandikishana mahakamani tarehe sita Aprili. Wewe ukahamia kwa mumeo Septemba. Miezi mitano ulikaa kwa binamu yako Ozone Park. Wanauliza, mke gani huyu?"

"Si tulikuwa bado hatujaoana!"

"Usiniambie ndivyo ulivyomjibu afisa."

"Aliniuliza kwa nini sikukaa na mume wangu. Nikamwambia nitakaaje naye na hatujaoana? Mama angeniua."

Budhai akashika kichwa. Mtu yeyote wa Corentyne angemwelewa palepale. Karatasi ya mahakama ni ya serikali. Ndoa ni siku pandit, kuhani wa Kihindu, anapowasha moto, mume akampaka mke rangi nyekundu kwenye mpasuko wa nywele mbele ya watu mia tatu, na kabla ya hapo msichana hagusi hata sufuria ya wakwe. Tatizo ni kwamba afisa hakuwa mtu wa Corentyne. Alisikia mwanamke mwenye cheti cha ndoa akisema hajaolewa, akaandika alichosikia.

"Hiyo nitaimaliza kwa kikombe kimoja cha chai," alisema Budhai. "Barua ya pandit, kadi ya mwaliko ya Septemba, basi. Inayonitisha ni ya pili."

Akasoma kwa sauti. Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, maafisa wawili walifika nyumba ya Mtaa wa 118. Mwenye nyumba, mjane Chandrawattie Sookdeo, mama mzazi wa mume, alihojiwa sebuleni mbele ya jamaa mmoja wa kiume. Alisema Omeshwari hakuwahi kuishi humo. Alisema ndoa ilikuwa ya makaratasi tu, ya kumsaidia msichana. Akatia saini.

Omeshwari hakulia. Alifungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena.

"Miaka miwili nimempikia yule mama," alisema. "Miguu ikivimba ni mimi namsugua. Mjomba, nimemkosea nini?"

"Una kitu chochote chenye jina lako na la Rovin pamoja? Mkataba wa nyumba? Bili ya umeme?"

"Umeme ulikuwa kwa jina la baba mkwe. Simu, kifurushi cha mama mkwe. Sisi tulilala chumba cha chini ya nyumba. Nani angeniandikisha mkataba wa kukaa kwa wakwe zangu?"

"Picha?"

"Za harusi ninazo mia nne."

"Za harusi hata usiniletee. Wanaouziana ndoa ndio wenye albamu nzuri kuliko wote." Alichukua kalamu. "Mliachana kwa nini?"

"Tulishindwana tu."

"Mlishindwana nini?"

"Tulishindwana, Mjomba." Alisema akitazama dirisha, na ilikuwa dhahiri kwamba hapo hasogei. Budhai akaliacha.

"Nikikosa," Omeshwari akaendelea, "napelekwa kwa jaji wa kuwarudisha watu kwao. Kurudi siogopi, ni kwetu. Lakini nitarudi na jina gani? Mama yangu ameshaambiwa sokoni kwamba bintiye aliuza ndoa. Nina mdogo wangu wa miaka ishirini na mbili. Nani ataleta posa nyumba ile?"

Kalamu ya Budhai ikasimama.

"Ameambiwa sokoni lini?"

"Wiki ya Krismasi. Alinipigia simu analia."

"Una hakika ni Krismasi?"

"Alikuwa ameacha keki nyeusi motoni, ikaungua. Hawezi kusahau, na mimi siwezi."

Krismasi. Maafisa walibisha hodi Januari. Ina maana uongo ulikuwa umeshavuka bahari na kufika sokoni Corentyne wiki tatu kabla serikali haijauliza swali. Haukutungwa kwa ajili ya uhamiaji. Ulitungwa kwa ajili ya mtu mwingine, na maafisa waliukuta njiani.

Budhai alivaa kofia yake ya sufu. Kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia ni mpelelezi na si tarishi wa wakili.

*

Rovin Sookdeo alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege. Budhai alimngojea Jumanne, saa nane mchana, kwenye mkahawa mdogo wanakokula wapakiaji wakitoka zamu. Tangu asubuhi alikuwa na hakika kwamba mtu wake ni huyu. Mume aliyeachwa, roho imemuuma, akampigia afisa simu, kisha akampanga mama yake. Kesi kumi za namna hii alizowahi kushika, saba ziliishia hapo.

Kijana alikuja na sahani ya mchanganyiko wa wali na kunde, akamwona Budhai, akataka kugeuka.

"Kaa ule, wali utapoa," Budhai akamwambia. "Sikukamati. Siku hizi hata pingu sina."

"Mjomba, nilishamwambia wakili kwa simu. Siwezi kusaini kitu."

"Huwezi au hutaki?"

"Mama ameshaongea na serikali. Nikisema tofauti nitakuwa nimemfanya mama yangu mwongo."

"Kwani si mwongo?"

Rovin akachota wali, akaurudisha kwenye sahani.

"Siku maafisa walipokuja ulikuwa wapi?"

"Hapa. Niliingia kazini saa kumi alfajiri. Waulize, kadi yangu ya kuingilia inaonyesha."

Alijibu haraka, macho kwa macho, na Budhai akaona nadharia yake ya asubuhi inaondoka na mvuke wa chakula. Huyu hakuwa na hasira na mtalaka wake. Alikuwa na haya.

"Nani alikuwa sebuleni na mama yako?"

"Sijui."

"Mjane anakaa na mwanawe mmoja, na mwanawe yuko kazini. Saa tatu asubuhi, siku ya kazi, mwanamume kaketi sebuleni kwake. Mtaa wa 118 wote ungejua jina lake kabla ya saa nne. Wewe hujui?"

Rovin akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Wakati yuko chini ya meza, simu yake iliyokuwa juu ya meza ikalia. Sura ya msichana mwenye nywele ndefu ikajaa kiooni, na namba ilianza na tano, tisa, mbili, namba za Guyana. Rovin aliibuka upesi akaigeuza kifudifudi.

"Unaoa lini?" Budhai aliuliza.

Rovin aliifunika simu kwa kiganja.

"Mei."

"Wapi?"

"Namba 71."

Vijiji saba tu kutoka kwa akina Omeshwari. Watu wa vijiji vyote viwili wananunua samaki soko moja. Budhai alisukuma kikombe chake pembeni na kuyasema yote taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

"Familia ya Namba 71 haitoi binti bikira kwa mwanamume aliyekwisha kuoa akaachwa. Mama yako analijua hilo. Akawaambia ile ya kwanza haikuwa ndoa, ilikuwa makaratasi, huruma tu kwa msichana wa watu. Kwa hiyo wewe hujawahi kuoa. Kijana mzima, hajaguswa. Wakafurahi. Wakasimulia. Soko likasikia. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ningefanya nini, Mjomba? Alikuwa ameshasema!" Sauti ilimpanda, wenzake wa meza ya pili wakageuka. Akaishusha. "Sikujua kama itafika kwa Omeshie. Naapa. Baba angekuwa hai yasingefika hapa. Baba alimpenda kuliko alivyonipenda mimi."

"Marehemu alifariki lini?"

"Novemba mwaka juzi."

"Na Omeshwari alikuwa bado kwenu?"

"Ndiye aliyemfumba macho."

Budhai alisimama bila kumaliza chai. Rovin alimuuliza anakwenda wapi, hakujibiwa. Watu hawa anawajua, ni watu wake. Wanaweza kumficha mke katika bili za umeme, katika mikataba na katika benki, wasitambue hata kwamba wamemficha. Lakini mtu akifa, kila mwenye uhusiano naye lazima atajwe. Tanzia ya Kiguyana humtaja mjane, watoto, wakwe, wajukuu, mashemeji, na jirani aliyekuwa akiazima koleo. Ukimsahau mmoja hutasalimiwa miaka kumi.

*

Mzee Gobin wa nyumba ya maziko alikuwa mtu mpole mwenye tai nyeusi na tabia ya kunong'ona hata pasipo na maiti. Alimkaribisha Budhai ofisini nyuma, palipojaa maboksi hadi darini.

"Situpi kitu," alinong'ona. "Watu hurudi kugombania nani alitajwa kwanza."

Alipekua robo saa, akatoa kijitabu cha maziko chenye picha ya marehemu Sookdeo, mzee mwenye masharubu. Budhai alifungua ukurasa wa tanzia, akapitisha kidole. *Mume mpendwa wa Chandrawattie. Baba mpendwa wa Rovin na Omeshwari.* Akashuka chini kutafuta mahali pa "baba mkwe". Hapakuwepo.

Akasoma tena. Akakiweka kijitabu mezani.

"Mzee, umeniua," alisema.

"Vipi tena?"

"Wewe ungekuwa afisa, hujui mila zetu, ukasoma hapa. Rovin na Omeshwari ni nani?"

Mzee Gobin alivaa miwani. Akasoma. Akaivua.

"Ni kaka na dada," alinong'ona.

"Nikiipeleka hii Ijumaa, watasema msichana si tu kwamba hakuolewa, aliolewa na kaka yake. Nyie mlichapa vipi?"

"Nilichapa nilivyoambiwa. Nakumbuka kabisa." Mzee alirudi kwenye boksi, akatoa fomu ya njano iliyojazwa kwa mkono. Ilikuwa na safu: mume wa, baba wa, baba mkwe wa, babu wa. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyesoma shule ya msingi na kuishia hapo, herufi kubwa zenye kukazwa. Kwenye safu ya "baba mkwe wa" paliandikwa OMESHWARI, MKE WA ROVIN. Halafu pamekatwa kwa mstari mmoja mzito. Jina likaandikwa upya juu, kwenye safu ya watoto, karibu na la Rovin.

"Mjane aliandika mwenyewe," Mzee Gobin alisema. "Alianza vizuri, akaandika mkwe. Akakaa anaitazama karatasi. Akakata. Nikamwambia, mama, huyu si mkaza mwana wako? Anakwenda kwenye safu ile. Akanikaripia. Akaniambia mkwe ni wa kuja na kuondoka, huyu ni mwanangu, wewe chapa ninavyokwambia."

Budhai aliisogeza fomu kwenye mwanga. Alikuwa ameshika karatasi ambayo hakuna mtu angeitengeneza kwa ajili ya uhamiaji. Imeandikwa na shahidi yuleyule wa serikali, siku ya pili ya msiba, na inasema kinyume cha kila alichokuja kukitilia saini.

"Nipe hii."

"Kijitabu chukua, kiligawiwa kwa umma. Fomu ni siri ya mteja. Mpaka aliyeiandika aniruhusu kwa saini."

"Mzee, msichana anafukuzwa nchini."

"Lekhram, mimi nazika watu. Wakishindwa kuniamini kwa karatasi, wataniaminije kwa mama zao?"

Mzee alisema kweli. Budhai alimwomba aiweke mahali pa karibu, akatoka na kijitabu ambacho peke yake kingemmaliza Omeshwari.

*

Jumatano asubuhi bendera za ibada ya Kihindu zilikuwa zimeganda kwa barafu kwenye mianzi yake mbele ya nyumba ya Mtaa wa 118. Chandrawattie Sookdeo alifungua mlango mikono imejaa unga. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, amejitanda ushungi mweupe wa ujane.

"Kama ni habari za yule msichana, nilishaiambia serikali."

"Chai tu, Mama Rovin. Nje kuna baridi ya kuua mbwa."

Hakuna mama wa Berbice anayemnyima mtu chai, hata adui. Alimpitisha jikoni, akamwekea kikombe na mkate wa kukaanga, akarudi kukanda unga wake akiwa amempa mgongo. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu, imevishwa shada.

"Uliwaambia Omeshwari hakuishi hapa."

"Hakuishi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Yalikuwa makaratasi. Tulimsaidia."

"Sawa. Basi nisaidie na mimi, maana nimechanganyikiwa." Alikiweka kijitabu mezani, kimefunguka. "Hapa pameandikwa marehemu alikuwa baba wa Rovin na Omeshwari. Kama Omeshwari hakuwa mkaza mwana wako, basi ni binti wa marehemu. Na kwa kuwa wewe hukumzaa, ina maana Bwana Sookdeo alizaa nje."

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Umesema nini?"

"Sijasema mimi. Kijitabu kinasema. Kiligawiwa watu mia mbili."

"Mume wangu?" Aligeuka, uso umemwiva. "Mume wangu hakuwahi hata kumtazama mwanamke wa watu! Unaingia nyumbani kwangu, unakunywa chai yangu, unamtukana marehemu mbele ya picha yake? Toka! Toka, mshenzi wewe!"

"Nitatoka. Niambie tu, yule Omeshwari ni nani?"

Aliinua mkono wa unga kama anayetaka kumpiga. Ukabaki hewani. Budhai hakusogea. Alijisikia vibaya, na alijua kabisa kwamba hatamhurumia.

"Fomu ya njano nimeiona, Mama Rovin. Uliandika mkwe, ukakata. Mzee Gobin anakumbuka ulivyomkaripia."

Mkono ukashuka. Mama akavuta kiti, akakaa kwa uzito, akaanza kujifuta unga vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Siku kumi na tatu za msiba alilala sakafuni pamoja nami," alisema. "Rovin alikuwa nje na wanaume, wanacheza karata na kunywa ramu. Mimi nikiamka nalia, yeye kaamka. Hakuniambia nyamaza. Wote waliniambia nyamaza, yeye hakuniambia."

"Tarehe kumi na nne Januari nani alikuwa sebuleni?"

"Mjomba wa bibi harusi. Alikuja toka Toronto kuona kwetu." Alicheka bila kupenda. "Alikuwa amekaa pale kwenye kochi, mguu juu ya mguu. Nimemtolea vikombe vya kabatini. Ndiyo kwanza amenyanyua kikombe, hodi. Watu wawili, vitambulisho shingoni. Wananiuliza, je, Omeshwari aliishi hapa kama mke? Na yule mzee anasikiliza. Kaka, ningejibu nini? Nimeshamwambia yeye ni makaratasi, niwaambie wao ni ndoa?"

"Ungewaomba warudi kesho."

"Sikujua kama inaruhusiwa! Ni serikali! Nikajua nikisema vile watafunga faili, waende zao. Sikujua kwamba wanamtafuta yeye. Mimi nilidhani wanamtafuta Rovin."

Hilo Budhai alilisadiki. Akamweleza kilichobaki, bila kupamba. Ijumaa ikipita bila jibu, Omeshwari anakwenda kwa jaji. Kinachotakiwa ni ruhusa ya ile fomu ya njano, na hati ya kiapo ya yeye mwenyewe, inayosema alichosema Januari si kweli na kwa nini alikisema.

"Watanifunga?"

"Sijui. Wakili Mercado atakwenda na wewe. Mtu anayerudi kujisahihisha mwenyewe huwa wanamsikiliza. Lakini sikuahidi kitu. Ningekuahidi ningekuwa mwongo."

"Na Mei?"

"Mei sijui pia. Karatasi za uhamiaji hazisomwi sokoni. Lakini wewe unawajua watu wetu."

Mama alimaliza kujifuta vidole. Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye njia, koleo linakwaruza saruji. Kisha akasimama, akanawa mikono, akachukua simu yake juu ya friji.

"Sitaki waipate kwa watu," alisema. "Wataipata kwangu."

Aliibonyeza na kuiweka mezani, sauti wazi, kwa sababu hakujua kuitumia namna nyingine. Huko Namba 71 ilipokelewa mlio wa pili.

"Haloo, dada!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mchangamfu, na nyuma yake kuku na redio. "Nilikuwa nakuwaza sasa hivi! Kadi zimetoka, nzuri, nzuri, za dhahabu dhahabu. Nikutumie picha?"

"Dada Dhanmattie, ngoja. Kaa chini."

"Nimekaa. Kuna nini? Rovin anaumwa?"

"Rovin mzima. Nilikuambia yule msichana wa kwanza alikuwa wa makaratasi. Nilikudanganya. Alikuwa mkaza mwana wangu. Pandit aliwafungisha hapa New York, watu mia tatu. Aliishi kwangu miaka miwili. Mume wangu alikufa mkononi mwake."

Kule redio ilizimwa.

"Nilitaka sana binti yako," Chandrawattie akaendelea, machozi sasa yanamtiririka, hayafuti. "Nikaogopa mtatukataa. Nikamtupa msichana wa watu. Alikuwa mtoto mwema kuliko nilivyostahili. Hajawahi kunijibu. Hajawahi kulala mimi sijala."

Kule kiti kikasikika kikiburutwa.

"Dada," sauti ikasema, taratibu, uchangamfu wote umeondoka. "Kama alikuwa mtu wa namna hiyo, kwa nini aliondoka kwako?"

Budhai aliinua macho. Swali hilo aliliuliza Jumatatu, akajibiwa nusu, akaliacha. Miaka kumi na tisa ya upelelezi, na limeulizwa sawasawa na mwanamke aliyekaa kati ya kuku wake, ng'ambo ya bahari.

Mama Rovin alishika ukingo wa meza. Alitazama mlango mdogo wa ngazi za kushukia chumba cha chini, akautazama muda mrefu.

"Rovin alikuwa anampiga," alisema. "Baba yake alipokufa alianza kunywa, na akinywa anampiga. Huko chini. Mimi niko hapa juu, nasikia, naongeza sauti ya televisheni."

Akauvuta ushungi wake mbele.

"Asubuhi anapanda kunipikia, na mimi namwambia ajitande vizuri tusije tukapata wageni."

"Binti yangu ana miaka ishirini na moja," Dhanmattie alisema, na simu ikakatika.

Chandrawattie aliisukuma mbali kwa kidole, akavuta kiti karibu na Budhai.

"Andika," alisema. "Na hilo pia liandike."